Nilimzushia Nyamafu, Naye Akaniuguza

Mpendwa Mama Pamela, naomba msaada, maana nafsi inanisuta. Mimi ni Mwanaisha, Mwislamu, mtu wa Tanga, nilikuja Songea mwaka jana kuuza mitumba, na kando ya kibanda changu kuna mama ntilie, dada Aurelia, Mkatoliki wa Maposeni, mjane wa watoto watatu, basi baada ya Idi nikaona Ijumaa anapika nyama, anawapakulia wateja, mwenyewe haonji hata mchuzi, Ijumaa ya pili vilevile, nikasema makubwa haya, mpishi anaogopa chungu chake! nikamnong'oneza mwenzangu kwamba ile lazima ni nyamafu, neno likatembea soko zima, Waislamu wakamkimbia, Wakristo nao wakamkimbia, kumbe ilikuwa Kwaresma, wenzetu Ijumaa hawali nyama, wallahi sikujua.

Baada ya Pasaka malaria ikaniangusha, ndugu sina hapa, na aliyebisha hodi ni Aurelia huyohuyo, siku kumi na moja akaniogesha, akanifulia mashuka, akaninywesha uji na supu, akisema, "Kunywa, mdogo wangu, kuku huyu kachinjwa na shehe wenu, nimeshuhudia kwa macho yangu," hata wanawake wa jumuiya yao wakaja kunitekea maji, nikamuuliza unanitendea haya kwa lipi, akacheka, "Yesu alisema mpende jirani yako, hakusema kwanza umuulize anasali wapi." Nimepona, nimenenepa, nacheka tena na watu, na yeye sasa anafunga masufuria arudi kijijini kwa kukosa wateja, mtu wa namna hii sijapata kumwona, je, nimwambie ni mimi, au nihame kimyakimya?

*Mwanaisha, Songea*

Mwanaisha, pole kwa malaria, ila kwa huo ulimi sikupi pole. Ungemuuliza tu, "Dada, mbona huli?" angekujibu, yakaisha. Aibu!

Eti umwambie? Mwanangu, anajua. Nani humweleza mgonjwa kuku kachinjwa na nani, kama hajasikia kwamba mgonjwa huyo ndiye aliyesema nyamafu? Alijua, na bado akaja. Mimi nimebatizwa nikiwa mchanga, Jumapili hainipiti, na aliyenisema vibaya sijampelekea hata kikombe cha maji. Huyo mama amenishinda, nakiri. Dawa ilitoa homa, lakini kilichokurudishia uzima na kicheko ni upendo wake.

Sasa nisikilize. Kuhama usithubutu. Usiende pia kumlilia chumbani, maana uongo wako ulizunguka soko zima. Kesho saa saba mchana, soko likijaa watu, kaa kwenye benchi lake, agiza wali nyama, kula wakuone, kisha simama useme: "Niliyezusha ni mimi, na nilisema uongo." Watakuzomea. Waache wakuzomee. Ukimaliza funga khanga kiunoni, uoshe sahani zake kila siku mpaka wateja warudi. Na ukikuta ameshaondoka, mfuate Maposeni, mwombe radhi mbele ya wanawe, ujitwike masufuria hayo kichwani mwako, urudi naye.