Siku Niliyoshuka Mtaroni

Jumamosi, Oktoba 2008. Jua kali, vumbi, na mawingu machache upande wa vilima vya Iveti yanayotutania tu.

Nina furaha leo. Niko saiba hapa Machakos mjini, naandika kwa vidole viwili kwa sababu vingine vyote vina malengelenge. Jirani yangu wa kompyuta anatazama vumbi jekundu kwenye viatu vyangu, na mimi namwacha atazame.

Kwanza niungame. Kijijini kwetu kuna mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana mashamba kwa zamu, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Kila Jumamosi kila boma hutoa mtu mmoja. Boma letu limebaki na Mama peke yake, ana miaka sabini na mbili na goti bovu, kwa hiyo mtu huyo ni mimi. Lakini mimi ni karani hapa mjini, mtu wa ofisi, tena mtu wa kanisa mwenye shughuli nyingi. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimtuma Muia, kibarua hodari, achimbe badala yangu. Mimi natuma salamu kwa simu.

Jana Mama alipopiga simu nilimsikia akihema. Nikamwuliza kulikoni, akasema alikuwa akifukuza mbuzi. Njia ya mwongo ni fupi: dakika haikupita akaniuliza dawa nzuri ya mikono iliyochubuliwa na jembe. Ndipo yakatoka yote. Muia alipata kazi ya kiwandani Athi River tangu Agosti, na Mama hakutaka kunisumbua. Jumamosi saba amekuwa akichimba mwenyewe, na goti lile.

Nililia. Halafu nikaona haya zaidi, kwa sababu mezani palikuwa na kurasa nne nilizoandika za kusoma kanisani kesho, kuhusu jina Imanueli, Mungu pamoja nasi.

Kurasa nne nzuri, na mama yangu yuko mtaroni.

Leo alfajiri nikaenda, kurasa zile mkobani. Kazi ilikuwa kwa jirani, hatua chache kutoka kwetu. Mama Mbithe, katibu wa kikundi, akaita maboma moja moja kutoka kwenye daftari lake. Alipofika kwetu Mama alikuwa ameshafungua mdomo, nikaitika mimi. Wanawake wakacheka mpaka wakashikilia majembe. Kumbe wamenipa jina: Salamu. Ndizo pekee wanazopata kutoka kwangu. Nilistahili, na nikacheka nao.

Mitaro yetu tunaiita fanya juu. Unachimba kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu ukae kama ukuta, ili mvua isibebe shamba. Mimi nilisimama ukingoni nikaanza kukwangua kutoka hukohuko juu, viatu visichafuke. Mama Mbithe akanisemesha Kiswahili makusudi badala ya lugha yetu, kana kwamba mimi ni mgeni.

"Dada, fanya juu haifanywangi ukiwa juu. Ingia ndani."

Nikaingia.

Sijui kama alijua amehubiri. Miaka yote nimeomba kana kwamba Mungu amesimama ukingoni, msafi, akituelekeza. Kumbe Imanueli ni yule aliyeingia. Alivuta vumbi letu, akatokwa na jasho, akachoka, mikono ikamchubuka kwa useremala. Haya niliyaandika kwenye ukurasa wa pili, lakini nilikuwa sijayaamini kwa mgongo.

Nilimwambia Mama akapumzike nyumbani. Akakataa. Akaketi ukingoni, miguu ikining'inia karibu na bega langu, akanimwagia habari za kijiji kizima: nani kaoa, ng'ombe wa nani kazaa, nani hasemi na nani. Saa sita tukala muthokoi kwenye sufuria moja, mahindi na maharagwe, nikapakuliwa mara ya pili bila kuulizwa. Sikumbuki lini chakula kilikuwa kitamu hivyo.

Jioni nilipima kwa macho kipande changu, kifupi kuliko vya wote. Nikamwambia Mama kwa utani kwamba angekuwa Muia angekuwa amemaliza zamani. Akanitazama bila kucheka.

"Muia anakushinda mbali," akasema. "Lakini mimi sikuwa nikitaka kuchimbiwa."

Nilimshika mkono tu, malengelenge kwa malengelenge, na nikafurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote.

Ingekuwa ni kazi tu, Mungu angetuma. Malaika anao wengi, hodari kuliko Muia. Alikuja mwenyewe kwa sababu alitutaka sisi. Kesho nitasema hayo na kuketi, na zile kurasa nne nimemwachia Mama awashie moto.

Jumamosi ijayo tunachimba kwa Mama Mbithe. Simtumi mtu.