Mguu Mzima Ulipojifanya Mgonjwa

Jumamosi. Baridi na manyunyu tangu alfajiri, Ruiru yote imevaa sweta. Goti halikuuma. Naandika hilo kwanza ili nisije nikalisingizia baadaye.

Huu ni mwezi wa tisa tangu nifanyiwe upasuaji wa kano ya goti la kulia. Niliichana kule Thika, nikitua vibaya baada ya kuruka kwenye wavu wa voliboli. Naichezea timu ya akina mama. Wengi wetu tumepita miaka arobaini. Mara tatu kwa wiki natoka Witeithie kuja kwenye ukumbi wa kanisa hapa Ruiru, ambako Njoki, fizio wetu, anatufanyisha mazoezi tukiwa kikundi. Tuko saba. Sote tumeshonwa goti.

Leo ilikuwa siku ya kipimo. Unaruka kwa mguu mmoja, unatua kwa uleule bila kuyumba, unapimwa kwa tepu ya fundi. Mguu mzima kwanza, kisha uliopasuliwa. Uliopasuliwa ukifika sehemu tisa kati ya kumi za mwenzake, Njoki anakuruhusu kurudi uwanjani. Timu yangu inacheza na Mwihoko Jumapili ijayo, na nilikuwa nimemwahidi kapteni kwamba nitacheza.

Mguu mzima, sentimita 120. Uliopasuliwa, 110.

Nilipita. Watu wakapiga makofi.

Katika kikundi chetu hakuna anayejiandikia. Daftari langu linakaa na Mutiso, golikipa wa miaka ishirini na kitu, na lake ninalo mimi. Alifungua ukurasa wa nyuma, akausoma, akanitazama. Mimi huniita mathe, yaani mama.

"Mathe, huu mguu poa uliruka 131 mwezi jana. Umezeeka haraka hivyo?"

"Mwache," akadakia Mwalimu Wangare, anayefundisha netiboli. "Labda huo mguu uko kwa maombi ya kufunga."

Kila mtu alicheka, nami nikacheka. Ningeweza kusema sakafu ina unyevu. Njoki angekubali, alikuwa ameshaandika jina langu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Lakini nilijua. Sikuwa nimepanga, ila pale kwenye mstari wa chaki nilijisikia nikijizuia. Sikukunja goti vya kutosha. Sikuitupa mikono. Niliufanya mguu mzima uwe mvivu ili mgonjwa aonekane amepona.

Nimekuwa ripota kwa miaka ishirini na miwili. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kuwauliza watu kwa nini walipunguza kipimo ili matokeo yapendeze. Leo swali hilo niliulizwa na golikipa.

Tena mwezi jana Mutiso alikosa kwa sentimita mbili tu. Niliziandika mimi, kwa mkono wangu, na hakuniomba nizisahau.

Nikamwambia Njoki mbele ya wote kwamba ule mguu mzima sikuuachilia, na nataka kuruka tena. Alivuta tepu.

131.

Sasa mguu uliopasuliwa ulihitaji 118, si 110; jina langu likakatwa. "Afadhali wavu ukungoje kuliko daktari," akasema Njoki, akamwita anayefuata. Mutiso aliandika namba zote mbili kwenye daftari langu, ya uongo na ya kweli. Sikumwambia aifute ya kwanza.

Nilimtumia kapteni ujumbe nikiwa bado ukumbini: sichezi. Nilitegemea lawama. Alijibu, "Sawa. Basi njoo uhesabu pointi. Wewe huwa hudanganyi."

Nimekaa na sentensi hiyo mchana kutwa.

Nitaenda, na nitazihesabu sawasawa. Kabla ya hapo, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, nina mazoezi. Mguu wa kulia una deni la sentimita nane, na wa kushoto hautalipunguza tena.