Maneno ya Kiwanja cha Ndege

Jumatatu, 5 Februari
Nimeanza kazi katika ofisi moja mtaa wa Raskazone. Kazi – tuiite hivyo. Miaka thelathini na miwili nimefundisha Kiingereza sekondari, nikastaafu, na sasa nafundisha wanawake kumi na mmoja kusema "window seat". Wanapelekwa Muscat na Doha kufanya kazi za ndani. Mwenye ofisi inayowapeleka ni Methusela. Anataka aitwe Mkurugenzi. Viatu vimechongoka mbele kama mdomo wa samaki chuchunge. Kanikabidhi kijitabu alichokitunga mwenyewe: maneno sitini ya kiwanja cha ndege, makosa ishirini na matatu. Nimeyahesabu. Mke wangu Khadija anasema bora nimetoka nyumbani. Bora kwa nani, hakusema.

Jumatano, 7 Februari
Wanafunzi. Ya Rabi.
Binti mmoja wa Muheza, Precious, anasema "bodi pasi". Nasahihisha, anaitikia, anasema tena "bodi pasi". Nyuma, karibu na mlango, kuna mama wa Pangani, Kijakazi, kama miaka thelathini na mitano. Daftari hafungui. Nikamwuliza "gate" ni nini. Akanitazama kama anayetazama saa ukutani. Nimempa sifuri. Huko waendako, waajiri watapata watumishi mabubu, shauri yao.

Ijumaa, 9 Februari
Kipindi kifupi, kwa ajili ya sala. Methusela kaja na suti kukagua. Kasimama mbele ya darasa: "Welikamu oni bodi." Wakampigia makofi. Huyu Kiingereza chake hata cha kuombea maji hakitoshi.

Jumatatu, 12 Februari
Leo neno "carousel", la mizigo. Nikaeleza: ni rafu ndefu, wapagazi wanapanga mabegi, unachagua lako. Nilieleza vizuri, kwa mifano.
Sauti kutoka mlangoni: "Si rafu, mwalimu. Ni mkanda wa mpira, unazunguka. Begi unalivizia, likipita unalinyakua."
Kijakazi. Nikamwuliza kajuaje.
"Nimeshapita. Kwenda na kurudi." Kisha, bila ubaya wowote: "Wewe mwalimu ulipitia kiwanja gani?"
Nikasema tuendelee na neno linalofuata.
Sijapanda ndege maishani mwangu. Nimeliandika hapa na sitaliandika pengine.

Alhamisi, 15 Februari
Baada ya kipindi Kijakazi alibaki. Shikamoo, marahaba, akasimama. Nilidhani anataka kunicheka. Nikajishughulisha na kufuta ubao uliokwisha kufutwa.
Akaniambia mara ya kwanza alifundishwa maneno haya haya, ofisi nyingine, kijitabu kingine. Aliyashika yote. "Nikayatumia siku moja, mwalimu. Kutoka Dar mpaka mlango wa kutokea kule Doha. Baada ya hapo, miaka miwili, hakuna hata moja lililonifaa."
Nyumba aliyofanyia kazi kule, watumishi walisemeshwa Kiingereza. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alichukua pasipoti ya Kijakazi, akaifungia kabatini. Mwezi wa saba Kijakazi akapigiwa simu: mamake kafariki, anazikwa kesho. Hakujua aliseme vipi kwa Kiingereza. Akalia, akashika kifua, akaonyesha mlango.
"Wakadhani naumwa. Wakanipa kidonge, wakanirudisha jikoni."
Nikamwuliza sasa anarudi kufanya nini. Nilimwuliza kwa ukali, sijui kwa nini.
"Mwanangu yuko kidato cha pili. Minazi yangu mitatu haitamfikisha cha nne." Kisha akasema: "Nifundishe maneno ya baada ya mlango."
Nikamwambia hayamo kitabuni.
"Ndiyo maana nakuomba."
Nimerudi nyumbani Mabawa kwa miguu, mwendo wote. Khadija kaniuliza nina nini. Sina kitu.

Jumanne, 20 Februari
Nimefunga kijitabu. Nikaandika ubaoni: "Give me my passport, please." Nikawaeleza maana yake: nipe pasipoti yangu, tafadhali. Kijakazi akauliza neno gani hapo ndilo tafadhali. Nikamwonyesha.
"Hilo la siku ya kwanza," akawaambia wenzake. "Siku ya pili unaliacha."
Wakacheka. Nami nikacheka, mbele ya darasa, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa nafundisha Korogwe.
Tukaendelea. Naumwa. Nataka kupiga simu nyumbani. Mama yangu amefariki. Sikubali. Precious, aliyeshindwa na "boarding pass" wiki mbili, alisema "I do not agree" imenyooka, kila herufi mahali pake.
Methusela akatokea mlangoni. Hakuelewa kilichoandikwa, ila alielewa nyuso zao. Akaniita kando: unawatia kiburi, wenzangu wa huko hawataki mtu wa kiburi, futa.
Nikafuta.
Wiki mbili nimejaza kurasa hizi watu wa kudharau. Leo nimefuta ubao kwa mkono wangu, wanawake kumi na mmoja wananitazama.

Jumatano, 21 Februari
Naandikia nyuma ya karatasi ya mahudhurio, darasani.
Safari ni Jumamosi. Asubuhi Methusela kaja na pasipoti zote. Kawagawia, kila mmoja asaini kwamba kapokea. Wakasaini. Walipomaliza kusaini akapita na boksi la bati kuzikusanya tena. Atazishika mtu wake atakayesafiri nao, azikabidhi kwa waajiri wao kule, asema, zisije zikapotea. Karatasi zenye saini kazikunja, kazitia mfukoni.
Kijakazi aliirudisha ya kwake kama wengine. Akakaa. Kisha akasimama.
"Give me my passport."
Bila tafadhali.
Methusela akatabasamu. Akanigeukia. "Anasemaje, mwalimu?"
Ningeweza kusema chochote. Ningesema anaomba maji, na angeamini.
"Anataka pasipoti yake," nikasema.
Tabasamu likamtoka. Akamwambia achukue, aende zake Pangani akakune nazi, nafasi yake ina watu hamsini nje; lakini boksi hakulifungua. Ndipo Precious akasimama. Akalisema neno lile la kukataa. Kisha wengine, mmoja mmoja, viti vinakwaruza sakafu. Kumi na mmoja wote.
Methusela katoka na boksi lake, yuko barazani na simu. Namsikia: hapana bosi, ni jambo dogo, wanatulia sasa hivi. Mkononi boksi kalishika kwa nguvu.
Kijakazi kaniuliza "nangoja" inasemwaje. Nikamwambia. Wanairudia, polepole, bila kupaza sauti: I am waiting, I am waiting.
Simu imekwisha. Methusela ameingiza kichwa dirishani. "Mwalimu Tahiri, waambie wakae. Wewe wanakusikiliza."
Wamenigeukia wote. Humu ndani, aliyekaa ni mimi peke yangu.