Mstari Mmoja Ambao Hukuuandika

Mume wangu mpendwa,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Puge, nami hapa Isevya ningali nagombana nawe. Sababu ninayo.

Unaikumbuka programu uliyoiandika kwa lugha ya C ulipostaafu kufundisha hesabu, ili tuyahifadhi masimulizi ya wazee? Nilikuuliza, "Ninapomaliza mstari, maneno yanakwenda wapi?" Ukacheka. "Yanaingia kwenye faili, mama watoto. Wewe andika, usinihoji kama mkaguzi wa shule." Nikakuamini.

Mwezi uliopita mama yako alikuja kukaa nami. Asubuhi moja, bila kuombwa, akaanza kutaja vituo ambavyo babu yake, mpagazi wa pembe za ndovu, alilala akitoka Tabora kwenda pwani. Wewe ulimwomba miaka mingi akakataa! Nikakimbilia kompyuta yako. Alitaja maji ya kila kituo, mtemi wake, na nani alizikwa hapo. Nilivipa namba: kumi na vinane. Kabla sijaifunga programu, umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, nilikuta faili limeishia kituo cha kumi na moja, katikati ya neno.

Umenilazimisha, katika umri huu, kuisoma programu yako kama nilivyokuwa nikisahihisha insha. Kumbe fprintf, ile amri ya kuandika, haiyapeleki maneno kwenye diski moja kwa moja. Huyaweka kwanza kwenye bafa, ghala dogo la kumbukumbu, yangoje hadi lijae au faili lifungwe. Nawe fclose, amri ya kulifunga faili, umeiweka mwisho kabisa, baada ya mtu kuchagua "Toka". Wewe ulitoka kwa utaratibu kila siku, ukadhani umeme nao una adabu. Ungaliandika fflush moja baada ya kila mstari, maneno yangalisukumwa nje palepale. Ungalikuwa mwanafunzi wangu, ungalirudia kazi yote.

Nilirudi kwa mama yako kwa aibu.

"Mkamwana," akasema, "mzee ni mimi, anayesahau ni mashine yenu?"

Akaanza upya. Safari hii vituo vilikuwa kumi na vitano. Nilipomwambia kwamba vitatu vimepungua, alikunja uso. "Vipi hivyo? Havikuwapo."

Vilikuwapo. Nilivichapa kwa mikono yangu. Sikuvishika kichwani kwa sababu ulinihakikishia kwamba vimo kwenye faili.

Fflush nimekwisha kuiandika mimi, na jibu la fclose nalikagua kabla ya kuamini kwamba faili limefungwa salama. Jana, akimenya karanga, mama yako alikitaja kimoja kati ya vile vitatu, ghafla, kana kwamba amekiona mlangoni. Nilikiandika, nikahakikisha kwamba kimo kwenye diski, ndipo nikapumua.

Vimebaki viwili. Kila asubuhi naifungua programu yako, naketi karibu naye, namsikiliza akizungumzia mvua na majirani. Simharakishi.

Wewe pumzika. Mimi sina nafasi.

Mkeo