Mafuta ya Nazi Ndani ya Klachi

Bofu, Likoni,
Mombasa.
12 Septemba 1945

Mpendwa kaka Mwarandu,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta mzima huko India, na ile homa uliyoitaja Mungu amekwisha kuiondoa. Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini shambani huenda na kurudi mwenyewe, na ukimwambia apumzike atakuuliza wewe umechoshwa na nini. Watoto wako wazima wote. Mwanao Mapenzi ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi hacheki mbele za watu.

Habari za kwisha vita zilitufikia, na kengele ya kanisa ilipigwa hata kamba ikakatika. Tangu siku hiyo kila mtu ananiuliza utarudi lini, nami nikiulizwa naangalia chini. Leo nitakueleza kwa nini. Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaikunja.

Kaka, nimekukosea, na kosa lenyewe lilianza kwa kikombe cha mafuta ya nazi.

Ulipokwenda vitani ulinikabidhi lori la misheni, ukaniambia klachi ikilia niitie matone mawili ya mafuta ya injini kwenye beringi, basi. Mwezi wa Mei ikaanza kulia kila nikiikanyaga, kama paka aliyebanwa na mlango. Grisi haikupatikana popote, na mafuta ya injini yalikuwa kwa kibali. Nami nikajiona mjuzi. Nilichukua mafuta ya nazi ya mama, nikafungua kifuniko kile kidogo chini ya mbao za miguuni, nikamimina kikombe kizima. Kelele zikakoma. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Kisha ikaja baridi ya Juni. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba asubuhi za Juni mafuta ya nazi huganda, na chupa huwekwa juani ndipo yamiminike. Mimi nimekua na chupa hiyo, na sikuwaza.

Asubuhi moja niliteremka kwenda feri na mbao za paa la shule. Nikakanyaga klachi mpaka chini nitoe gia, gia haitoki. Nikakanyaga breki, lori likazidi kujikokota, injini inalisukuma na huku mguu wangu uko sakafuni. Nilipozima injini lilisimama shubiri mbili tu kutoka mgongo wa mzee mmoja aliyekalia gunia lake. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu. Lakini feri iliondoka bila sisi, na wachukuzi walinicheka mpaka adhuhuri.

Tulilisukuma lori hadi bandani, nikaanza kutafuta ubovu. Nilidhani pedali imelegea, nikakifupisha kile chuma kinachoivuta klachi, wapi! Nikainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, nikatia gia, nikakanyaga klachi mpaka mwisho, mtu akaizungusha injini kwa hendeli. Magurudumu yakazunguka vilevile. Hapo nikajua kuwa sahani ya klachi imegandamana na injini, haitaki kuachia, na moyoni nikaanza kukikumbuka kile kikombe.

Jumapili wazee wa kanisa walinikalisha kitako. Mwalimu Gershom, ambaye ndiye msimamizi wa lori sasa, akaniuliza mbele ya wote kilichoharibika ni nini. Ulimi hauna mfupa, kaka. Nilisema, "Sahani ile aliifunga Mwarandu kabla ya kwenda vitani. Labda hakuifunga sawasawa." Hilo "labda" nilitia ili nijidanganye kuwa si uongo.

Wazee wakaamua ukirudi usipewe tena usukani. Na kwa kuwa nyumba mnayokaa ni ya dereva, wakamwambia shemeji Kafedha aihame kabla ya Krismasi. Unajua nani angepewa nyumba hiyo? Mimi. Nilisikia, na nikanyamaza.

Mwezi wa Agosti nilimwita Wafula, yule fundi wa kutoka bara anayefanya kazi bandarini. Tulishusha sanduku la gia, naye akaitoa sahani kwa kuipiga patasi. Ilikuwa imegandwa na utando mweusi unaonata kama ulimbo. Akainusa, akaniangalia. "Ndugu, hapa ndani ulikuwa unapika nini? Samaki?" Nilicheka naye, kwa sababu hakujua niliyosema juu yako. Tulipata sahani nyingine kwenye gari bovu huko Changamwe, na lori likapona. Kazi yako haikuwa na kasoro hata moja. Nilijua hakika, na bado nikakaa wiki mbili kimya. Wiki hizo mbili zinaniuma kuliko ule uongo wenyewe.

Kisha shemeji akaja kwangu. Hakuja kugomba. Alinisalimu vizuri, akaniomba nimpelekee vyombo vyake kwa baba yake huko Mwakirunge, maadamu lori limepona. Nikafika kwenu nikakuta kitanda kimefunguliwa na sufuria zimefungwa kwa leso. Nilishindwa kuliinua hata furushi moja. Nilimwambia yote palepale mlangoni.

Akasema, "Shemeji, haya unayoniambia mimi, kawaambie wale uliowaambia kwanza."

Jumapili iliyopita nikasimama kanisani nikasema, kikombe, mafuta na vyote. Aibu niliyoipata siwezi kuiandika. Wazee wameirudisha kazi yako na nyumba yako. Mimi wameniondoa kwenye usukani, na ni haki. Ufunguo wa lori walimkabidhi shemeji aushike mpaka utakapokuja, akaufunga kwenye pindo la leso yake bila kumtazama mtu.

Sikuombi unisamehe haraka. Ukirudi na ukaona vema kunichapa, nitakuja mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Mwalimu Gershom anakusalimu, naye anaona haya kama mimi. Wafula pia, ingawa hamjuani; anasema fundi aliyefunga sahani ile angependa kumpa mkono.

Jana nilimuuliza shemeji kama ana neno la kukuandikia. Aliendelea kuzipanga sufuria zake mahali pake. Kisha akasema, "Mwambie mume wangu sikuyaamini yale yaliyosemwa juu yake hata siku moja. Vyombo nilivifunga kwa sababu niliambiwa nihame."

Mungu akuvushe bahari salama, akufikishe mlangoni kwako.

Mdogo wako akupendaye, aliyekusaliti na anayekungoja,

Garama