Niliandika Jina Langu kwenye Kazi ya Mzee Kewal

Mama Bethuel mpendwa, mshauri wetu wa gazetini, pokea salamu zangu na unishike mkono, maana nimefika mahali siwezi kumtazama hata mke wangu usoni.

Mimi ni Msomali niliyelelewa Garissa, nikapitia Uholanzi, sasa naishi mtaa wa Sparkbrook na kufanya kazi mtaa wa Nechells, mji huo huo, kwenye kampuni ndogo inayotengeneza bodi za kompyuta za kupimia baridi ya friji za dawa. Aliyenifundisha kazi nitamwita Mzee Kewal, Mpunjabi wa Nakuru, mtu wa miaka sitini na moja, ambaye tangu siku ya kwanza alinisemesha Kiswahili mbele ya wote nikajiona nina baba hapa mjini. Mwaka jana, 2006, ilikuja bodi mpya, na ndani yake kuna njia ambayo vipimajoto hupitishia habari zao, mafundi tunaiita basi, na kiini cha mfumo wetu wa kuendeshea kompyuta, ule wa bure unaoandikwa na watu dunia nzima, kilikuwa hakilijui basi hilo, kwa hiyo ukiwasha mashine vipimo havionekani kabisa. Mzee alihangaika wiki saba mpaka akagundua kwamba umeme ukishaingia lazima basi lingojwe kidogo ndipo liulizwe, akaandika programu yote, kisha ugonjwa wa moyo ukamshika, akalazwa apasuliwe. Akaniambia, "Kijana wangu, ijaribu mara ya mwisho, halafu uwapelekee wasimamizi wa kiini."

Niliijaribu, ikafanya kazi, nikaipeleka. Lakini mahali pa jina la mwandishi niliandika langu peke yangu. Nilisikia kampuni itapunguza watu, nikaogopa. Wasimamizi wakaikubali, meneja akanisifu mbele ya wote, mwezi uliofuata mzee akaandikiwa barua kwamba nafasi yake haipo tena, na kiti chake nikapewa mimi.

Kisha mkewe, Mama Kulwinder, akanipigia simu. "Mwanangu, mzee anauliza, wale watu wameikubali?"

Nikasema, "Bado, mama. Wanasema ina makosa."

Kwao hawana intaneti. Tangu siku hiyo yule mgonjwa, ambaye daktari amemwamuru apumzike, huketi kitandani akitafuta makosa yasiyokuwepo, anaandika kwa mkono, na mkewe ananiletea karatasi. Zimefika kumi na tisa. Ya juzi mwandiko unatetemeka, na chini ameandika, "Samahani kwa kukuchelewesha."

Mke wangu Fardowsa hajui lolote. Nikisema kweli nitafukuzwa, nina watoto watatu. Nikinyamaza, mzee atafia kwenye karatasi hizo. Nifanye nini?

Mwizi, Sparkbrook

JIBU

Ndugu yangu, barua yako haikungoja zamu yake. Nilikupigia simu siku ile ile, kwa sababu mgonjwa hawezi kungoja gazeti. Naandika hapa kwa idhini yako, wengine wasome.

Pole, ila pole yangu ni fupi. Jina uliloiba ungeweza kulirudisha kwa asubuhi moja. Uongo wa simu ndio uliozidi: ulimfanya mtu aliyetoka kupasuliwa kifua aamini kwamba kazi yake nzima ni mbovu. Na habari za watoto watatu usiniambie. Hata yeye ana watoto.

Nilikuambia uende kwake kwanza, peke yako, useme kisha unyamaze. Ulikwenda. Unasema alisikiliza hadi mwisho, akaziomba zile karatasi, akazipanga kwa tarehe, halafu akamwambia mkewe, "Mtoe." Sasa unaniuliza urudi lini kuomba radhi.

Usirudi mpaka akuite, na huenda asikuite. Leo waandikie wasimamizi wa kiini, hadharani, pale pale ulipopeleka kazi, kwamba mwandishi ni yeye. Rekodi ya zamani haifutiki, lakini masahihisho nayo hayafutiki. Mwandikie meneja hayo hayo, na nakala umtumie mzee kwa posta, apate cha kumwonyesha mwanasheria akidai nafasi yake. Fardowsa mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Ukifukuzwa, nenda ukabebe mizigo maghalani. Wenzako wengi wanalisha watoto hivyo.

Na uchungu utakaobaki, usimpelekee Mzee Kewal auponye. Ana moyo mmoja tu, nao ni mgonjwa.