Jina Nililolisahau Pangoni

Bi Zuhura,

Shikamoo. Najua huniitikii, lakini mkono wangu umekataa kuanza vingine. Ni Rukia, yule wa Michenzani uliyekuwa ukimwita mtoto wa ghorofani.

Arobaini yako imepita. Mwani wako wa Chwaka sasa anaushughulikia binti yako Mize, na ndiye anayetuongoza pangoni. Popo wamezaa, Bi Zuhura! Vichanga vimeng'ang'ania vifua vya mama zao, havina hata manyoya. Nilipoviona niligeuka nikwambie, nikakutana na ukuta.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza ya kujitolea kwa watafiti? Popo alinipita sikioni, nikachuchumaa na kujifunika kanga yako. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Huyo ana haja na mbu, hana haja na nywele zako." Halafu ukanifundisha kumshika bila kumuumiza bawa, na kumtia katika mfuko wa kitambaa angoje zamu yake ya kupimwa na Mwalimu Khamis, mkuu wetu. Hata njia ulinifundisha: kwenye miiba, anayetangulia hulishika tawi mpaka wa nyuma apite.

Na adabu ya pango la kwenu. Kuingia ni kwa hodi. Wakati wa kutoka, mmoja huita majina yote na kila mtu huitika "Naam", usije mwili ukatoka na mwenyewe akabaki. Siku zote mwitaji ulikuwa wewe, na mwisho ulijiita mwenyewe: "Na Zuhura, twende nyumbani."

Siku ile ya mwisho ulikaa juu ya jiwe. "Leo ita wewe, mwanangu. Mie pumzi zinanshinda." Nilikuwa na haraka, nimebeba vifaa mikono yote miwili. Nikamwita Mwalimu Khamis, nikajiita mimi, nikatoka. Wewe ulitufuata kimya, kisha ukasimama mlangoni ukitazama ndani muda mrefu. Nilidhani umechoka tu. Jina lako nililikumbuka nyumbani, wakati nafua ile mifuko ya popo. Siku ya tatu tukapigiwa simu.

Daktari alisema ni moyo, na najua siku yako ilikuwa imefika. Lakini tangu hapo kila nikiingia namulika lile jiwe kwanza. Pango zima limejaa mavi ya popo, ila jiwe lako ni safi, kama kwamba kuna mtu asiyeinuka hapo. Naogopa, Bi Zuhura. Naogopa, na bado siwezi kuacha kwenda.

Na nilisema uongo. Siku ya hitma Mize aliniuliza, "Mama mlimwita?" Nikasema tulimwita. Alishukuru, akaniongeza chai.

Jana tulibaki wawili pangoni, nikamwambia kweli. Nilitegemea matusi. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi muite," akasema. "Alikuachia wewe kazi hiyo."

Nikaita, "Zuhura binti Makame, twende nyumbani." Popo wakashtuka dari nzima, kisha wakatulia. Hakuna aliyeitika. Mize akaniita mimi, akajiita na yeye, tukatoka.

Nakuahidi, maadamu naingia pango lile, sitatoka tena bila ya kukuita, hata wageni wakinicheka. Mwalimu Khamis nimeshamwambia, na hakucheka.

Nenda salama, Bi Zuhura. Mola akulaze pema. Ila nikwambie hili moja. Jana Mize alitangulia njiani, na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Tulipofika kwenye miiba nililishika tawi, nikasimama nalo. Mize aligeuka akaniona. Akajibanza pembeni ya njia, naye akangoja.

Wako,
Rukia